Kodi huhesabu umri wa gari, nani ahesabu uhai wa betri?

Tangu Julai 1, 2025, anayetaka kuingiza nchini Rwanda gari la haibridi, yaani gari linaloendeshwa kwa petroli na umeme kwa pamoja, analazimika kuuliza kwanza gari hilo lina miaka mingapi. Lisilozidi miaka 3 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5. Lenye miaka 4 hadi 7 hutozwa asilimia 10, na lenye miaka 8 au zaidi asilimia 15. Juu ya ushuru huo imerejea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 pamoja na kodi ya zuio ya asilimia 5, ambazo magari ya aina hii yalikuwa yamesamehewa katika miaka ya kuhimiza usafiri usiochafua hewa.

Kwa mnunuzi wa gari dogo la kifahari lililotumika, mabadiliko hayo yamegeuza hesabu nzima. Lexus ES 300h au Hyundai Grandeur la haibridi, ambalo mpya wake hununuliwa na wachache sana katika ukanda huu, lilikuwa limeanza kufikiwa na mfanyabiashara wa kati, mtumishi wa umma mwenye mkopo wa benki na familia inayotumiwa fedha na ndugu walio ughaibuni. Sasa kila mwaka unaoongezeka katika hati ya gari una bei yake forodhani.

Hata hivyo, umri ulioandikwa kwenye hati si umri wa kitu ambacho ndicho roho ya gari la haibridi: betri yake kubwa. Magari mawili ya mwaka mmoja, rangi moja na kilomita zinazolingana yanaweza kupita forodhani kwa kodi ileile, moja likiwa na betri ya kutumika miaka mingi ijayo, jingine likiwa na betri itakayokufa kabla mkopo haujafika nusu. Kodi haioni tofauti hiyo. Mnunuzi naye, mara nyingi, haioni mpaka taa ya onyo iwake kwenye dashibodi.

Kutoka msamaha hadi ushuru wa umri

Mwaka 2021 serikali ya Rwanda ilianzisha mpango wa usafiri wa umeme uliokuja na nafuu nyingi za kodi. Magari ya haibridi yaliingizwa katika nafuu hizo kama daraja la kuvukia: yanapunguza mafuta na moshi, wala hayahitaji vituo vya kuchajia kwa kuwa injini na breki ndizo zinazojaza betri. Wafanyabiashara waliitikia wito huo haraka. Katika mitaa ya Kigali, magari ya haibridi ya Hyundai, Kia, Toyota na Lexus yakawa jambo la kawaida.

Mengi ya magari hayo yana asili ya Korea Kusini, na jambo hilo lina sababu. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na tangu 2005 imezuia uingizaji wa magari madogo yenye usukani wa kulia. Bandari za Japani, ambazo ndizo chimbuko la magari ya Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, hazimsaidii sana mnunuzi wa Kigali. Yeye hutazama Korea Kusini, nchi za Ghuba, Ulaya na Marekani, ambako usukani uko kushoto. Gari likishapatikana husafiri kwa meli, aghalabu hadi Dar es Salaam, kisha huvuka nchi nzima ya Tanzania hadi mpaka wa Rusumo.

Mantiki ya ushuru mpya inaeleweka. Msamaha usiotazama umri ulimpa mwagizaji sababu ya kuchagua gari kuukuu zaidi, kwa kuwa lilikuwa na bei ndogo huko litokako na kodi ndogo huku liendako. Kupandisha ushuru kadiri umri unavyopanda ni njia ya kuwasukuma waagizaji kuelekea magari mapya zaidi, huku magari yanayotumia umeme pekee yakiendelea kupewa upendeleo.

Lakini ushuru huo una upande wa pili usiozungumzwa sana. Gari jipya kutoka nje likipanda bei, macho ya wanunuzi hugeukia yale ambayo tayari yako nchini, yaliyoingia wakati wa msamaha. Gari lililoingia mwaka 2021 likiwa na miaka 5 limetimiza miaka 10 mwaka 2026. Betri yake ina umri huohuo. Kwa maneno mengine, sera inayokusudia kuzuia magari makuukuu mpakani inaweza wakati huohuo kuyapandisha bei yale makuukuu yaliyokwisha kuvuka.

Majirani nao wana vipimo vyao

Ukitazama kote katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, utaona kuwa kila nchi ina fimbo yake ya kupimia magari yaliyotumika, na fimbo zote zinapima mambo yaleyale mawili au matatu.

Kenya imeweka kikomo cha miaka 8. Kwa mujibu wa kanuni zinazosimamiwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS), gari linaloingizwa mwaka 2026 lazima liwe limesajiliwa kwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye, na usukani wake uwe kulia. Kanuni hiyo imebadilisha hatima ya gari moja mashuhuri mno Nairobi, Toyota Crown la haibridi. Toleo linalojulikana zaidi la Crown Athlete, lililotolewa mwishoni mwa 2012, lilipisha toleo jipya katikati ya 2018. Kwa hiyo haliwezi tena kuingizwa Kenya. Anayelipenda atalinunua kutoka kwa Mkenya mwenzake, na atakuwa akinunua pia betri ambayo imeshatumika Japani kwa miaka kadhaa na Kenya kwa miaka mingine.

Tanzania haijafunga mlango, ila imeweka malipo mlangoni. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15, na lililopita miaka 10 asilimia 30. Ushuru mwingine hutazama ukubwa wa injini, na injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 hutozwa asilimia 10. Uganda nayo, kwa sheria ya 2018, ilipiga marufuku uingizaji wa magari yenye miaka 15 au zaidi, na ikaendelea kuyatoza magari makuukuu zaidi tozo ya mazingira.

Umri, ukubwa wa injini, upande wa usukani: vipimo hivi vilibuniwa kwa ajili ya gari la petroli au dizeli. Kwa gari la namna hiyo vina maana, kwa sababu injini kuukuu hutoa moshi zaidi na injini kubwa hunywa mafuta zaidi. Gari la haibridi limeingia katika mfumo huo kama mgeni aliyepewa vazi la mwenyeji. Vazi linamfunika, lakini halimtoshi.

Kinachozeeka ndani ya gari

Ili kuelewa tatizo, yafaa kujua jinsi betri hiyo ilivyo. Chukua mfano wa Lexus ES 300h lililotengenezwa kati ya 2012 na 2018. Nyuma ya kiti cha abiria kuna betri ya nikeli yenye moduli 34 zilizounganishwa kwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 7.2, na jumla yake ni takriban volti 245. Kwa kuwa zimeungana kama pete za mnyororo, moduli moja ikidhoofika mnyororo wote hudhoofika. Kompyuta ya gari huona tofauti ya nguvu kati ya moduli, huwasha taa ya onyo, na katika magari ya Toyota na Lexus huandika msimbo ambao mafundi wengi wameukariri: P0A80.

Hyundai Grandeur la kizazi kilichotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 2016 lina betri ya lithiamu, nyepesi na ndogo zaidi kwa nguvu ileile. Kanuni ni moja: seli nyingi, hatima moja.

Betri hizi huzeeka kwa saa mbili zinazokwenda kwa pamoja. Saa ya kwanza ni ya kalenda, kwa maana kemia ya betri huchoka hata gari likiwa limesimama. Saa ya pili ni ya matumizi, yaani mara ngapi betri imejazwa na kutolewa umeme, na katika joto gani. Joto ndilo adui mkubwa zaidi. Gari la miaka 4 lililoishi katika jua la Ghuba huenda betri yake ikawa imechoka kuliko ya gari la miaka 7 lililoishi mahali penye ubaridi. Ushuru wa Kigali utalipendelea la kwanza.

Kuna mambo madogo ambayo nayo yana uzito. Betri nyingi za aina hii hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, na tundu la hewa huwa karibu na kiti cha nyuma. Tundu hilo likizibwa na mizigo, zulia au vumbi, betri hupata joto kupita kiasi bila dereva kujua. Vilevile, betri ya nikeli hupoteza umeme polepole inapokaa bila kutumika. Gari lililongoja mnunuzi kwa miezi, likakaa wiki kadhaa melini na wiki nyingine bandarini, huweza kufika likiwa na kilomita chache na betri iliyodhoofu. Ndiyo maana kilomita chache, ambazo kwa gari la kawaida ni sifa, kwa haibridi zinahitaji maelezo.

Haki itendeke kwa upande wa pili pia. Magari haya hayakujengwa kwa udhaifu. Mfumo wa Toyota na Lexus hauna altaneta ya kawaida wala stata ya kawaida, na giaboksi yake ina sehemu chache za kusagika kuliko za magari mengi ya otomatiki. Breki hudumu kwa sababu mota ya umeme hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupunguza mwendo. Nchini Marekani, Toyota yenyewe hutoa dhamana ya miaka 10 au maili 150,000 kwa betri za magari ya kuanzia toleo la 2020, na kabla ya hapo ilikuwa miaka 8 au maili 100,000. Kampuni haiwezi kutoa ahadi ya namna hiyo bila kukiamini kitu chake. Lakini ahadi hiyo haivuki bahari pamoja na gari lililotumika. Mnunuzi wa Kigali, Bujumbura au Arusha hupokea gari, hapokei dhamana.

Hesabu ya akiba

Sababu kuu inayotajwa na wauzaji ni mafuta. Ni sababu ya kweli, ila yafaa ipimwe kwa mizani.

Vipimo rasmi vya Marekani kwa toleo la 2019 vinaonyesha kuwa Lexus ES 300h hutumia takriban lita 5.3 kwa kilomita 100, wakati ndugu yake wa petroli pekee, ES 350, hutumia takriban lita 9. Dereva anayekwenda kilomita 15,000 kwa mwaka angetumia karibu lita 800 badala ya lita 1,350. Akiba ni takriban lita 550. Kwa bei ya mfano ya faranga 1,800 kwa lita, hiyo ni karibu faranga 990,000 kwa mwaka. Barabara zetu na uendeshaji wetu vitaibadilisha hesabu hiyo, lakini mwelekeo wake unabaki.

Akiba hiyo ni kubwa zaidi mjini, katika foleni na miteremko, ambako injini huzimika na breki hurudisha umeme kwenye betri. Kigali, mji wa vilima, unafaa kwa gari la namna hii. Katika safari ndefu ya mwendo mmoja, kama ya kwenda Rusumo au Rubavu, faida hupungua.

Sasa weka betri upande wa pili wa mizani. Betri mpya halisi ya gari la kifahari huuzwa kwa maelfu kadhaa ya dola, kabla ya usafiri, kodi na kazi ya fundi. Akiba ya mafuta ya miaka kadhaa inaweza kumezwa na ununuzi mmoja. Mtu aliyenunua gari lenye betri nzima atakuwa amefanya biashara nzuri. Aliyenunua lenye betri iliyochoka atakuwa amelipa mapema gharama ya mafuta aliyodhani ameikwepa. Wote wawili walilipa bei ileile na kodi ileile. Wahenga walisema rahisi ghali, lakini hapa hata ghali inaweza kuwa ghali mara mbili.

Gereji na hatari zake

Betri inapokufa, mwenye gari huenda gereji, na hapo ndipo suala hili linapowagusa wasemaji wengi wa Kiswahili nchini. Kiswahili kilitambuliwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini miongoni mwa madereva, wauza vipuri na mafundi kilikuwa lugha ya kazi miaka mingi kabla ya sheria hiyo. Vijana wengi wa Nyamirambo hadi Gatsata wamejifunza ufundi katika lugha hiyo, kwa kumtazama mkubwa wao akifanya.

Elimu ya kutazama ilitosha kwa kabureta na gasketi. Kwa betri ya volti 245 haitoshi. Nyaya za rangi ya chungwa chini ya gari la haibridi hubeba umeme unaoweza kuua, na mfumo wa Toyota hupandisha volti hizo kufikia mamia kadhaa zaidi wakati wa kuendesha mota. Fundi anapaswa kwanza kutoa plagi ya usalama, kungoja dakika kadhaa umeme uliobaki uishe, kuvaa glavu maalumu na kupima kabla ya kugusa.

Njia inayotumika sana kwa kuwa ni nafuu ni kuibadilisha moduli moja iliyokufa kwa moduli iliyotolewa katika betri nyingine kuukuu. Gari huwaka, taa ya onyo huzimika, mteja huondoka na furaha. Lakini moduli 33 zilizobaki zina umri uleule wa ile iliyokufa, na ile iliyoingizwa haina nguvu sawa na wenzake. Baada ya miezi michache nyingine hufuata. Kwa betri za lithiamu mtindo huo ni wa hatari zaidi, maana seli zisizolingana zinaweza kushika moto. Mwenye gari akishachoka kurudi gereji, huliuza. Anayelinunua haambiwi historia hiyo.

Betri iliyotolewa nayo lazima iende mahali. Rwanda ina kituo cha kuchakata taka za kielektroniki wilayani Bugesera, na hilo ni jambo ambalo miji mingi ya ukanda huu haina. Hata hivyo, betri inayofunguliwa nyuma ya gereji na kuuzwa vipande vipande haifiki huko.

Je, serikali zinaweza kupima betri?

Hoja ya maafisa wa forodha haiwezi kupuuzwa. Umri wa gari ni jambo linalosomeka. Umeandikwa, haubishaniwi, na afisa mmoja anaweza kuukagua kwa dakika moja. Hali ya betri hupimwa kwa kifaa, kwa mtaalamu, kwa muda, na kila kipimo kinachotegemea uamuzi wa mtu hufungua mwanya wa rushwa. Mpakani ambako malori yamepanga foleni, si busara kuongeza foleni nyingine.

Ulimwengu wenyewe bado unatafuta njia. Mwaka 2022 jopo la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia kanuni za magari lilipitisha kanuni ya kimataifa kuhusu uimara wa betri, lakini inahusu magari ya umeme na yale ya haibridi yanayochajiwa kwa waya. Haibridi za kawaida, ambazo ndizo zilizojaa katika barabara zetu, hazimo. Umoja wa Ulaya umepanga kuwa kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali inayoeleza asili na sifa zake. Magari yatakayokuwa na pasipoti hiyo yatafika kwetu yakiwa yametumika, miaka mingi baadaye.

Lakini kati ya kupima kila betri mpakani na kutopima kabisa kuna nafasi pana. Kompyuta ya gari la haibridi tayari huhifadhi taarifa za betri, na kifaa cha uchunguzi huzisoma bila kufungua kitu. Nchi zetu zimezoea kudai vyeti vya ukaguzi vinavyotolewa huko gari litokako. Kuongeza katika vyeti hivyo ukurasa mmoja wa hali ya betri, ukiwa na tarehe na namba ya chasisi, hakungehitaji mitambo mipya Rusumo wala Mombasa. Kungemhamishia muuzaji wa nje sehemu ya mzigo ambao leo umebebwa wote na mnunuzi wa hapa.

Hatua ya pili ni soko la ndani. Magari yaliyoingia wakati wa msamaha yatauzwa na kuuzwa tena. Ukaguzi wa kawaida wa breki, taa, usukani na moshi hausemi lolote kuhusu betri. Kwa kweli gari la haibridi lenye betri inayokaribia kufa linaweza kupita kipimo cha moshi bila taabu. Kumtaka anayeuza aeleze kwa maandishi kama betri imewahi kufunguliwa au kubadilishwa ni sharti dogo, nalo lingempa mnunuzi cha kushika mahakamani.

Mnunuzi afanye nini leo

Sheria hutungwa polepole, na mikopo huchukuliwa haraka. Kwa anayenunua sasa, yapo mambo yaliyo mikononi mwake.

La kwanza ni hati. Sheria ya Korea Kusini inamtaka mfanyabiashara wa magari yaliyotumika ampe mnunuzi hati ya ukaguzi wa hali ya gari, na pia kuna huduma ya Carhistory inayoonyesha kumbukumbu za ajali zilizolipwa na bima. Mwagizaji makini anazo au anaweza kuzipata. Anayesema hazipo ameshajibu swali. Kwa magari yaliyotoka Marekani kupitia Ghuba, historia ya namba ya chasisi ni muhimu zaidi, kwa sababu magari yaliyopata ajali au kuingiliwa na maji huko hutengenezwa na kuuzwa upya. Maji na betri ya volti nyingi ni maadui wa kudumu.

La pili ni kifaa. Fundi mwenye kifaa cha uchunguzi kinachosoma mfumo wa haibridi anaweza kuonyesha nguvu ya kila kundi la moduli wakati gari linapanda mlima na linaposhuka. Namba zikipishana sana chini ya mzigo, betri inachoka. Aangalie pia kama kumbukumbu za kompyuta zimefutwa hivi karibuni. Zikiwa zimefutwa, gari liendeshwe nusu saa au zaidi kabla ya kuaminiwa.

La tatu ni subira. Gari lijaribiwe likiwa limelala usiku kucha, wala lisikutwe tayari limewashwa na kupashwa moto. Tundu la feni ya betri litazamwe. Maji ya kupozea inveta yatazamwe. Kipimo cha betri kwenye dashibodi kinachopanda na kushuka kwa kasi isiyo ya kawaida ni dalili, hata kama hakuna taa iliyowaka.

La nne ni akiba. Anayenunua gari la haibridi lenye miaka 8 au zaidi ahesabu bei ya betri kama sehemu ya bei ya gari. Kama fedha zake zinatosha kununua gari lakini hazitoshi kununua gari na betri, gari hilo bado halijafika kwenye uwezo wake. Gari dogo zaidi, la mwaka wa karibu zaidi, litamheshimisha kwa muda mrefu kuliko la kifahari lililoegeshwa uani.

Nchi za ukanda huu zina haki ya kukataa kuwa jalala la magari yaliyochokwa kwingine, na ushuru wa umri ni mojawapo ya silaha zake. Kasoro iliyopo ni kwamba silaha hiyo imelenga kitu kinachoonekana, na thamani ya gari la haibridi imejificha nyuma ya kiti. Mpaka hapo cheti cha betri kitakapokuwa sharti kama kilivyo cheti cha umri, kila mnunuzi atakuwa anauziwa mbuzi kwenye gunia, na serikali itakuwa imetoza ushuru wa gunia.